Kabla Hujaacha Dawa kwa Ajili ya Ramadhani

Ikifika nusu ya Shaaban, mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, utawasikia watu wazima wakisema, "Dawa naziweka kwanza, nitaendelea baada ya Idi." Wanasema kwa nia safi. Ni watu wa presha, wa sukari, wa macho, waliofunga tangu utotoni, na kwao Ramadhani bila saumu haiingii akilini. Mama yangu naye alisema hivyo, kwa maneno hayo hayo, na yaliyotupata baadaye ndiyo yananifanya niandike. Ipo nyumba ambayo Ramadhani ijayo itapita njia tuliyopita sisi, na ningependa wenye nyumba hiyo wasome haya kwanza.

Mama ana kisukari cha miaka mingi. Anachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, na juu yake anameza vidonge. Mwaka huo alikuwa ametoka pia kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, Ramadhani ikibisha hodi. Akarudi nyumbani na vichupa viwili vya matone, kimoja cha kuzuia vijidudu na kingine cha kutuliza uvimbe, vyote mara nne kwa siku kwa kuanzia. Pale kliniki Ramadhani haikutajwa. Muuguzi hakuuliza, sisi hatukusema. Karatasi ikaandikwa mara nne. Mama akazichukua mbili zinazoangukia usiku, mbili za mchana akaziacha bila kumwambia mtu.

Mimi nilikuwa namtia matone kabla ya alfajiri na tena baada ya futari. Mchana nikiwa kazini nilijua mdogo wangu yupo naye. Kumbe kila akishika kichupa anaambiwa, "Mwanangu, nimefunga," na mama akishasema hivyo, mtoto atabisha vipi? Haukupita muda jicho likawa jekundu, linatoa machozi, hataki hata mwanga wa dirishani. Tulipomrudisha, daktari alimulika, akauliza anatiwa matone mara ngapi. Mama akasema kweli. Uvimbe ulikuwa umeanza upya ndani ya jicho, tukabahatika kuuwahi. Ikabidi matone yaanze tena kutoka mwanzo, safari hii kila baada ya saa mbili, yaani mchana kutwa.

Hapo ndipo tulipokwenda kwa sheikh, maana Mama alishakata shauri kwamba bora jicho liume kuliko saumu iharibike.

Sheikh wetu ni mzee, na fiqhi yake ni ya Kishafii kama walivyo wengi wa pwani hii. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole, "Dada yangu, nani kakwambia dawa ya jicho inafunguza?" Mama akajibu kwamba anaisikia chungu kooni. Na ni kweli, yeyote aliyewahi kutiwa matone anaujua uchungu huo: pembeni mwa jicho, upande wa pua, kuna kijitundu ambamo machozi na dawa hupita kuelekea puani na kooni. Sheikh akamweleza kuwa wanazuoni wa Kishafii walilizungumza jambo hili zamani sana, kwenye suala la wanja. Wanja haufunguzi hata mtu akiisikia ladha yake kooni, kwa sababu jicho kwao halihesabiwi kuwa njia iliyo wazi ya kuingilia ndani ya mwili kama ulivyo mdomo au pua. Akaongeza kwamba Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, yaani baraza la kimataifa la wanazuoni lenye makao Jeddah, ilipokutana mwaka 1997 na kulijadili suala hili hili la tiba na saumu baada ya kupata maelezo ya madaktari, iliyataja matone ya macho miongoni mwa visivyofunguza.

Tulipotoka nje Mama akaniuliza, "Sasa mbona watu wote wanasema inafunguza?"

Nimelifikiri sana swali lake. Naona watu wengi tumeshika kanuni moja rahisi tuliyopokea utotoni, kwamba chochote kinachoingia mwilini kinafunguza, na tunaipeleka kila mahali. Lakini fiqhi haikusema hivyo. Inauliza kimeingia kupitia wapi, kimefika wapi, ni chakula au kinashika nafasi ya chakula. Mafuta unayojipaka yanaingia mwilini. Maji unayooga yanapenya kwenye ngozi. Hakuna aliyesema yanafunguza.

Daktari wa macho naye alituonyesha jambo dogo lililotusaidia sana. Ukishatia tone, mgonjwa afumbe jicho, na ubonyeze taratibu kwa kidole pale pembe ya jicho karibu na pua, dakika moja au mbili. Dawa inabaki jichoni inakotakiwa na ule uchungu wa kooni unapungua kabisa. Zikiwa dawa mbili, subiri kama dakika tano kati ya moja na nyingine, la sivyo ya pili inaiosha ya kwanza. Mama alipoona uchungu haumfikii tena, roho yake ilitulia kuliko ilivyotulia kwa fatwa. Nilimweleza sheikh hilo, akafurahi, akasema moyo nao una haki ya kutulizwa.

Tukiwa tumeshughulika na jicho, insulini ilikuwa inaendelea bila ushauri wa mtu yeyote. Mama alikuwa amefanya aliloliona ni la busara: dozi ya asubuhi kaisogeza kwenye daku, ya jioni kaiweka kwenye futari, na vidonge vivyo hivyo. Hakuacha hata dozi moja. Kilichokosekana ni chakula. Ile dozi ya asubuhi ilipangwa kwa mtu atakayekunywa chai na kula mchana, na Mama alikuwa anakula daku ya wali kidogo na chai ya rangi, kisha anakaa mpaka saa kumi na mbili na nusu na ushei jioni, kwenye joto la kaskazi.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya alasiri. Mama kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi ya futari. Kwanza niliona nazi inaangukia sakafuni, pembeni ya sinia, naye anaendelea kukuna bila kuona. Halafu akaacha, akaukodolea macho mkono wake. Jasho limemtoka juu ya mdomo na kanga imelowa mgongoni, na ndani palikuwa na upepo. Nikamwita. Akaniitikia kwa jina la dada yake, marehemu.

Nilikimbilia kipimo cha sukari. Jirani aliyekuwa amekuja kuazima ungo akanishika mkono: "Usimtoboe! Ukimtoa damu umemfunguza!" Huyu ni mama ninayemheshimu, na nia yake ilikuwa kumlinda mwenzake. Nikamtoboa. Kikasoma 3.1. Nikakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye glasi ya maji, nikampelekea mdomoni, akabana meno. "Imebaki saa moja na nusu tu," anasema, ulimi umekuwa mzito. Mjomba alikuwa uani. Akaja, akachuchumaa mbele yake, akamwambia, "Dada, kunywa. Kama ni dhambi, naibeba mimi." Akanywa. Robo saa baadaye nikapima tena, sukari imepanda, akili imerudi, na akili iliporudi ndipo alipoanza kulia kwa sababu amefungua.

Niseme wazi lile la kidole, maana watu wanaumia kwa ajili yake. Kutoboa kidole na kupima sukari hakufunguzi. Insulini nayo haifunguzi: inachomwa chini ya ngozi na wala si chakula, na Majmaa ile ya 1997 ilizitaja sindano za ngozi, za msuli na za mshipa kuwa hazifunguzi, isipokuwa maji na sindano za lishe. Dripu ya glukosi, basi, iko upande mwingine na sindano ya malaria. Daktari wa kisukari alituambia kila mwaka anakutana na wagonjwa wanaokataa kupima mchana kwa hofu ya saumu, na mchana ndipo hatari ilipo.

Daktari huyo alitupa namba mbili ambazo nimezibandika kwenye mlango wa friji. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mtu anafungua hapo hapo, hata adhana ikiwa inakaribia, maana mgonjwa hajui inavyoendelea kushuka. Anaweza kuwa anazungumza nawe vizuri na baada ya muda mfupi hajitambui. Ikipanda juu ya 16.7 anafungua pia. Kipimo cha mama kinasoma kwa milimoli, na vingi vya hapa nchini ni hivyo. Kama chako kinasoma kwa miligramu, namba zenyewe ni 70 na 300. Anatakiwa pia kupima wakati wowote anapojisikia vibaya: jasho, kutetemeka, kizunguzungu, njaa ya ghafla, maneno kupotea.

Akatueleza pia ambacho angetufanyia lau tungemwendea mapema, wiki sita au nane kabla ya mwezi. Kwa mgonjwa wa insulini kama ya Mama anayeruhusiwa kufunga, kile kipimo kikubwa cha asubuhi huhamia futari, na cha jioni hupunguzwa ndipo kikawekwa daku. Na aina ya kidonge alichokuwa akimeza, glibenklamaidi, ni katika zile zinazoshusha sukari sana kwa mtu asiyekula, angembadilishia. Nayaandika haya ili ujue kuwa yapo na uyaulize. Usiyapime mwenyewe nyumbani. Kiasi cha kupunguza kinatofautiana kwa kila mtu, na Mama alifika tulipofika kwa sababu ya kujipangia.

Lakini kwa Mama mwenyewe jibu lilikuwa jingine. Madaktari wa kisukari wana utaratibu wa alama, uliotolewa upya mwaka 2021, ambapo mgonjwa anahesabiwa aina ya kisukari, miaka aliyonacho, dawa anazotumia, kama sukari yake huwa inashuka, figo, moyo, umri. Alama 3 kushuka chini hatari ni ndogo, zaidi ya 3 mpaka 6 ni ya kati, zaidi ya 6 ni kubwa. Mama alivuka 6 hata kabla hajamaliza kuulizwa. Daktari akamwambia, "Mama, mwaka huu usifunge, na sidhani kama mwakani nitakwambia tofauti."

Njiani hakusema neno. Tuliporudi kwa sheikh nilitegemea abishane, nikaona anauliza kama mtoto: "Na wewe sheikh, unasema nile?" Sheikh akamsomea aya ya Suratul Baqara, mgonjwa na msafiri wahesabu siku nyingine, Mwenyezi Mungu anawatakia mepesi wala hawatakii mazito. Akamwambia kwamba daktari anayeaminika akishasema saumu itamdhuru mgonjwa, basi hapo pameondoka hiari. Kula ndiko kumekuwa utiifu. Mwaka 2009 huko Sharjah wanazuoni wa Majmaa waliwagawa wagonjwa wa kisukari mafungu manne kwa kiwango cha hatari, na mafungu mawili ya juu wakasema ni wajibu wao kufungua. Mjomba aliyesema atabeba dhambi naye alijibiwa: "Hapana dhambi hapo ya kubeba."

Kisha akatusimulia hadithi aliyoipokea Abu Daud, na mimi toka siku ile siisahau. Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa jiwe la kichwa, akajeruhiwa. Akalala, akaamka na janaba. Akawauliza wenzake: mnaniona nina ruhusa ya kutayamamu kwa udongo badala ya kuoga? Wakamwambia hatuoni kama una ruhusa, maji unayaweza. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipofikiwa na habari akasema: "Wamemuua, Mwenyezi Mungu awaue! Kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui? Hakika dawa ya kutojua ni kuuliza." Wale walikuwa masahaba, watu wema, waliotaka mwenzao ibada yake itimie. Nilimfikiria jirani yangu na mkono wake juu ya wangu. Niliwafikiria wote tunaomwambia mgonjwa "hiyo inafunguza" kwa kuwa tumesikia tu.

Huzuni ya Mama haikuisha kwa kusomewa aya na hadithi. Watu hawalizungumzi hili, na wanaouguza wanapaswa kulijua. Alikuwa anakula chumbani, mlango umefungwa, na akisikia mgeni anaficha sahani. Aliendelea kuamka usiku kutupikia daku ingawa yeye hafungi. Nilimsikia akimwambia mjomba kwamba anajiona ametolewa kwenye mwezi. Kilichomrudisha ni fidia. Kwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona kiasi cha kuweza kufunga, Kishafii ni kibaba kimoja cha chakula cha kawaida cha mahali kwa kila siku, apewe masikini. Sheikh alituambia tuhesabu robo tatu ya kilo ya mchele kwa tahadhari, kwa hiyo mwezi mzima ni kilo 22 na kidogo. Akatuonya tusiitoe kabla ya Ramadhani kuingia. Inatolewa kila siku baada ya alfajiri, au zikusanywe zitolewe mwishoni. Mama akachagua kila siku. Kila asubuhi akaupima mchele mwenyewe, akaufunga, akamtuma mtoto kuupeleka kwenye nyumba aliyoichagua yeye. Siku alipochoka nikataka nimpimie, alikataa. "Hiyo ndiyo saumu yangu," akasema.

Kuhusu gharama: vijiti vya kupimia ndivyo vinavyomaliza hela. Kichupa cha vijiti hamsini kilitutoka zaidi ya elfu thelathini, na mgonjwa anayefunga anatakiwa kupima mara kadhaa kwa siku. Ongeza nauli za bajaji kwenda kliniki mbili tofauti, ongeza kichupa cha matone kilichonunuliwa mara ya pili kwa sababu ya mchana ulioachwa. Anayetaka mzazi wake afunge kwa usalama ahesabu vijiti kwanza. Kama hela ya vijiti haipo, hilo nalo mwambie daktari, kwa sababu linaingia kwenye uamuzi wake.

Mdogo wangu, yule ambaye Mama alimkatalia matone, ana pumu. Ramadhani ile ile, baada ya haya yote, tukagundua naye ana yake. Alikuwa anaiacha dawa ya kuvuta nyumbani makusudi asije akaitamani. Kaskazi ina vumbi, akienda sokoni anarudi kifua kinapiga filimbi, anakaa kwenye baraza ameinama mbele mikono magotini, anasubiri magharibi. Nilipomuuliza akasema ameshauliza masheikh wawili na wamempa majibu mawili, kwa hiyo ameamua kujihifadhi.

Ni kweli kuna majibu mawili, na hata Majmaa mwaka 1997 dawa ya pumu waliiahirisha, hawakuitolea kauli pamoja na zile nyingine. Sheikh wetu alitueleza pande zote bila kudharau hata mmoja. Wanaosema inafunguza wanatazama kwamba ndani ya kile kipulizo kuna chembe za majimaji na dawa, zinaingia kwa mdomo, ambao ni njia iliyo wazi, na mtu anazivuta kwa kukusudia. Wanaosema haifunguzi, na miongoni mwao ni Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin, wanatazama kwamba inakwenda kwenye mapafu, si tumboni, na kinachoweza kubaki kooni ni kidogo kuliko unyevu unaobaki mdomoni baada ya kusukutua, na kusukutua ni halali kwa aliyefunga. Sheikh mwenyewe, kwa Ushafii wake, anaelekea upande wa kwanza. Kisha akamgeukia mdogo wangu akamwambia maneno ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha jambo lote hili:

"Mwanangu, sikiliza tofauti yetu ni nini. Mimi nikikwambia inafunguza, maana yake ukibanwa uvute hapo hapo, na siku hiyo utailipa. Mwenzangu akikwambia haifunguzi, maana yake ukibanwa uvute hapo hapo, na hulipi. Yuko wapi katika sisi wawili aliyekwambia ubanwe?"

Ugomvi wote ambao kijana alikuwa anauogopa, ulioweza kumuua, ulikuwa ni ugomvi wa siku moja ya kulipa. Watu wengi hawalijui hili. Wanadhani mgonjwa akifungua mchana wa Ramadhani anapata kafara ya siku sitini mfululizo. Kafara hiyo Kishafii ni ya aliyemwingilia mkewe mchana hali amefunga. Mgonjwa aliyefungua kwa ugonjwa wake hana kafara kwa madhehebu yoyote. Akitarajiwa kupona au kupata nguvu, analipa siku kwa siku. Asipotarajiwa, ni kile kibaba. Basi ukiwa umekwama kati ya kauli mbili na mgonjwa yuko mbele yako, ujue kwamba ukikosea upande wa dawa umepoteza siku moja ambayo Mwenyezi Mungu amekupa miezi kumi na moja ya kuilipa. Jicho la Mama lingepotea, lingelipwa vipi?

Daktari alimpangia mdogo wangu ile dawa ya kinga, ambayo ni asubuhi na jioni, aivute wakati wa daku na baada ya futari, asukutue mdomo baada yake, na asiiache hata siku moja. Alipoishika hivyo, mashambulizi ya mchana yakawa machache mno. Ile ya kutuliza inakaa mfukoni muda wote, akifunga na asipofunga.

Hapo nilijifunza kupanga maswali kwa utaratibu ambao sasa nauelekeza kwa kila anayeniuliza. Zamani swali letu la kwanza lilikuwa "inafunguza?" Siku hizi naanza kwa daktari au mfamasia: lazima dawa hii itumike mchana? Nyingi hazilazimu. Za mara moja au mara mbili kwa siku kwa kawaida zinaingia kwenye futari na daku bila tabu, lakini wakati gani hasa ni juu ya daktari. Kuna dawa ya presha inayomfanya mtu akojoe sana. Ukiimeza daku utakaa na kiu kutwa nzima, na mara nyingi daktari ataisogeza jioni ukimuuliza. Za mara tatu kwa siku ndizo zenye mtihani. Tafadhali usizibane dozi tatu zote usiku mmoja ukadhani umemaliza kazi. Uliza kama ipo ya aina hiyo inayotumika kila baada ya saa 12. Kama haipo na ugonjwa ni wa siku chache, kula, unywe dawa, upone, ulipe.

Ikibaki ile isiyoweza kuhama, ndipo uende kwa sheikh, na uende na dawa yenyewe mkononi. Mwambie inaingia wapi na mara ngapi. Ukisema tu "dawa ya sikio", atakupa kauli ya madhehebu: vitabu vya Kishafii vinasema kinachotonwa ndani ya sikio kinafunguza, Majmaa inasema matone ya sikio hayafunguzi. Ya pua ina hadithi yake, Mtume (s.a.w.) alimhimiza Laqit apandishe maji puani vizuri isipokuwa akiwa amefunga, kwa hiyo pua ni njia, na dawa yake ikifika kooni ikamezwa ina shida. Dawa za wanawake za kuingizwa, ambazo tunaona haya kuziuliza, nazo zina kauli mbili kama za sikio; lakini nyingi daktari huziandika za usiku wakati wa kulala hata kama si Ramadhani, kwa hiyo dada zangu, suala limekwisha kabla halijaanza. Mafuta ya kuchua, plasta ya dawa kwenye ngozi, kung'oa jino bila kumeza kitu, kutolewa damu kidogo kwa ajili ya vipimo: Kishafii hakuna shida.

Sisi wa huku tuna wepesi mmoja mkubwa. Masaa yetu hayabadiliki sana, mwaka wowote saumu ni kama masaa 13 na nusu, kwa hiyo ratiba ya dawa iliyopangwa vizuri mwaka mmoja ni msingi wa mwaka unaofuata. Shangazi yetu aliyeko Uingereza hana wepesi huo. Ramadhani ikiangukia kiangazi huko, saumu inaweza kupita masaa 18, na usiku unaobaki hautoshi hata kutenganisha dozi mbili vizuri. Yeye kila mwaka anarudi kwa daktari wake upya.

Tangu mwaka ule, Rajab ikiingia nampeleka Mama kliniki, na kitu cha kwanza tunachosema ni kwamba Ramadhani inakuja. Jicho lake linaona. Hafungi, anapima mchele wake. Mdogo wangu alichagua kufuata kauli ya sheikh wetu, kwa hiyo siku alizovuta dawa mchana aliziandika kwenye kalenda ya ukutani na kuzilipa Jumatatu na Alhamisi kabla ya Shaaban nyingine kwisha, maana Kishafii anayechelewesha bila udhuru mpaka Ramadhani ya pili ikaingia, juu ya kulipa anaongezewa kibaba kwa kila siku.